Mwanao asomea udaktari na asema mwalimu hafundishi? Usikasirike bado

JIRANI yangu mmoja wa Kiembeni, hapa Bamburi, alinijia barazani jioni moja akiwa amekunja uso. Binti yake yuko mwaka wa pili wa masomo ya udaktari huko bara, na alikuwa amerudi nyumbani likizoni. Nilidhani ameniletea habari ya ugonjwa, kumbe alikuwa na malalamiko.

“Bwana, mimi nimeuza kipande cha shamba kulipa karo,” akaniambia, “kisha mtoto ananieleza kwamba mwalimu hafundishi. Ati wanapewa kurasa za kusoma wenyewe usiku, asubuhi wanatahiniwa kabla hata ya kufundishwa, halafu wanakaa sita sita wakibishana. Sasa kubishana ni jambo la kulipia? Si hata hapa barazani twabishana bure?”

Nilicheka, lakini swali lake si la kuchekwa. Huenda nawe msomaji una mwana au mpwa aliyepanda basi pale Mwembe Tayari kwenda kusomea udaktari Nairobi au Eldoret, kwa kuwa huku kwetu Bamburi hakuna chuo cha udaktari, na umesikia hadithi kama hiyo. Hata kama huna, huenda siku moja ukapelekwa hospitali usiku wa manane, na atakayekupokea atakuwa kijana aliyefundishwa kwa njia moja au nyingine. Kwa hivyo tuitazame njia hii ya mafunzo ya kitimu, hasa katika somo ambalo wanafunzi wengi wa udaktari hulihofu, yaani biokemia.

Somo linaloogopwa

Biokemia ni elimu ya kemia inayotendeka ndani ya mwili wenye uhai. Unapokula wali kwa samaki, chakula hicho hakiingii katika damu kikiwa wali na samaki. Huvunjwavunjwa hadi kuwa sukari, mafuta na vipande vidogo vya protini, kisha vipande hivyo hujengwa upya kuwa nyama yako wewe, au huunguzwa polepole ili upate nguvu ya kutembea. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, ambavyo aghalabu ni protini zenye uwezo wa kuharakisha kemia ya mwili. Kila kimeng'enya kina kazi yake, mfano wa wafanyakazi waliojipanga kwenye mstari kiwandani. Huyu hupokea, hukata, humpasia mwenzake. Mmoja akikosekana mzigo hurundikana nyuma yake, na walio mbele yake hukaa bure.

Ukitaka kuona kwamba elimu hii si ya vitabuni tu, kumbuka mwezi wa Mei mwaka wa 2014, wakati watu zaidi ya 80 walipofariki katika kaunti kadhaa za Kenya, Embu na Kitui zikiwemo, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Wengine walipofuka macho. Methanoli yenyewe huleta ulevi tu, haina makali makubwa. Balaa huanza pale kimeng'enya cha ini kinapoigeuza kuwa fomaldehaidi, na kingine kikaigeuza hiyo kuwa asidi iliyo sawa na ile ya sumu ya baadhi ya sisimizi. Asidi hiyo ndiyo hushambulia mshipa wa jicho. Daktari anayeielewa njia hiyo anajua kwamba akikipa kimeng'enya kile cha kwanza kazi nyingine, methanoli itatoka mwilini pasipo kugeuzwa. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hiyo anaweza kutibiwa kwa pombe ya kawaida iliyopimwa kwa uangalifu hospitalini, jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza waweza kudhani daktari naye amelewa. (Wala usijaribu nyumbani, maana kipimo chake ni cha hospitali, na mara nyingi mgonjwa huhitaji pia kusafishwa damu kwa mashine.)

Sasa taabu ya somo hili ni majina. Kuna mamia ya vimeng'enya, na kila kimoja kina jina refu kama treni ya mizigo. Mwaka wa 1937 mtaalamu Hans Krebs alieleza mzunguko ambao chembe za mwili huutumia kuunguza chakula, na tangu hapo wanafunzi wa udaktari ulimwenguni kote wamekuwa wakiukariri mzunguko huo kama watoto wanavyokariri majedwali ya kuzidisha. Mwalimu husimama mbele, huchora mishale ubaoni, wanafunzi mia au mia mbili hunakili. Mtihani ukifika, wanaitapika mishale yote jinsi ilivyo. Baada ya miezi michache imeyeyuka. Miaka mitatu baadaye, kijana yule yule yumo wodini mbele ya mgonjwa, na hakumbuki kwamba jambo analoliona aliwahi kulichora.

Asubuhi ya mtihani na kadi ya kukwaruza

Mafunzo ya kitimu yanageuza mpango huo juu chini. Kile ambacho zamani kilifanywa darasani, yaani kupokea maelezo, sasa hufanywa nyumbani. Na kile ambacho mwanafunzi aliachiwa akifanye peke yake, yaani kuyatumia maelezo hayo kutatua jambo, ndicho sasa hufanywa darasani mwalimu akiwapo.

Siku chache kabla ya kipindi, mwalimu hutoa kurasa za kusoma na kueleza wazi ni mambo gani mwanafunzi anatakiwa ayajue. Asubuhi ya kipindi, kila mmoja hufanya mtihani mfupi peke yake, aghalabu maswali kumi hadi ishirini ya kuchagua jibu. Alama zake zinahesabiwa. Hapa ndipo binti wa jirani yangu aliponung'unika kwamba wanatahiniwa kabla ya kufundishwa, lakini ukweli ni kwamba wanatahiniwa baada ya kusoma, na mtu mzima anayetaka kuitwa daktari hana budi kujua kusoma bila kusimamiwa.

Karatasi zikishakusanywa, mtihani ule ule hurudiwa, safari hii na timu. Timu ni ya watu watano hadi saba, na hupewa karatasi moja tu. Mara nyingi karatasi hiyo ni ya kukwaruza, mfano wa zile kadi za simu tulizozizoea kuzikwaruza kwa ukucha kutafuta nambari. Mkikubaliana kwamba jibu ni B, mnakwaruza B. Ikitokea nyota, mmepata alama zote. Isipotokea, rudini mkabishane tena, mkwaruze jingine kwa alama pungufu. Hakuna haja ya kumngojea mwalimu asahihishe. Ukweli mnauona hapo hapo, wakati hoja zingali moto kinywani. Yule aliyeshikilia kwa sauti kubwa kwamba ni B atajifunza kitu kuhusu sauti yake. Na yule msichana mkimya wa pembeni aliyesema ni D, wenzake wakampuuza, mara inayofuata ataulizwa mapema.

Timu ikiona swali lilikuwa na kasoro, inaruhusiwa kukata rufani kwa maandishi, ikitoa ushahidi kutoka katika kurasa walizosoma. Kisha mwalimu hufundisha, naam, hufundisha, ila kwa muda mfupi na juu ya yale tu ambayo ameona yamewashinda wengi. Sioni faida ya kuwaeleza watu saa nzima jambo ambalo tayari wanalijua.

Timu hizi hupangwa na mwalimu, wala wanafunzi hawachaguani. Tena hudumu muhula mzima au zaidi. Wakiachiwa wachaguane, marafiki watakaa na marafiki, waliotoka shule moja watakaa pamoja, na wale wawili watatu wasiojulikana na mtu watabaki mkiani. Mwalimu huwachanganya makusudi, huyu alikuwa hodari wa kemia, huyu aliwahi kufanya kazi maabara, huyu ana stashahada ya uuguzi na ameshawahi kushika mgonjwa.

Sisi wa Bamburi tuna mfano wa jambo hilo mlangoni petu. Mwaka wa 1971 Rene Haller alipoanza kupanda miti katika machimbo yaliyoachwa na kiwanda cha saruji, ardhi ilikuwa jiwe tupu lenye chumvi. Katika aina 26 za miti alizojaribu, mivinje ilikuwa miongoni mwa chache zilizostahimili. Hata hivyo, mivinje peke yake haikutosha, kwani majani yake yalianguka na kurundikana pasipo kuoza. Ni mpaka alipoleta majongoo, wakayala majani hayo na kuyatoa yakiwa mbolea, ndipo udongo ukaanza kujijenga. Angeongeza mivinje elfu nyingine bila jongoo angepata rundo kubwa zaidi la majani makavu.

Mtoto wa siku nne

Baada ya mtihani wa timu hufuata sehemu ambayo kwangu mimi ndiyo kiini cha njia hii. Timu zote hupewa tatizo moja, lile lile, lenye uzito wa kweli, na kila timu sharti ichague jibu moja mahsusi. Kisha wote huonyesha jibu lao kwa pamoja, kwa kuinua kadi yenye herufi. Sharti la kuinua pamoja lina hekima yake. Timu moja ikitangulia kusema, na ikiwa ina yule kijana anayejulikana kuwa wa kwanza darasani, wengine wote watasema “hata sisi tulifikiria hivyo.” Ni kama wacheza karata, wote hufunua kwa pamoja ili asiwepo wa kujificha.

Nichukue mfano, ili uone tatizo lenyewe lilivyo. Tuseme mama mmoja amejifungua salama mtoto wa kiume. Siku mbili za mwanzo mtoto ananyonya vizuri. Nyanya yake, kwa furaha, anafungua sanduku na kutoa nguo na kanga alizoziweka akiba tangu mjukuu wa kwanza, zingali na harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu wa nguo, na mtoto anafungwa humo. Siku ya nne macho ya mtoto yamekuwa ya manjano, na manjano hiyo imefika hadi nyayoni. Midomo imepauka. Ananyonya kwa uvivu na analala mno. Mama na mtoto wote ni damu ya kundi O, tena chanya. Choo cha mtoto ni cha rangi ya kawaida. Swali kwa wanafunzi: kemia ya mtoto huyu imeharibika wapi kwanza? (A) Kimeng'enya cha ini bado ni kichanga. (B) Damu ya mama inapigana na ya mtoto. (C) Mfereji wa nyongo umeziba. (D) Chembe nyekundu za damu zimekosa kinga.

Sikiliza sasa mabishano ambayo jirani yangu anadhani ni ya bure. Mmoja atasema A, kwa sababu ni kweli kwamba watoto wengi wachanga hupata manjano kidogo siku ya pili au ya tatu kwa kuwa ini lao halijakomaa. Mwenzake atamuuliza, ikiwa ni ini tu, mbona midomo imepauka? Mtu hapauki kwa sababu ya ini changa, hupauka kwa kupungukiwa damu. Basi damu inavunjika mahali. Wa tatu atadakia B, yule wa nne amkumbushe kwamba mama na mtoto wote ni O na chanya, kwa hivyo mapigano ya kawaida ya makundi ya damu hayapo. C inaanguka kwa sababu mfereji ukiziba choo huwa cheupe kama chokaa. Na ndipo mtu mmoja, huenda ni yule muuguzi wa zamani, atauliza, “Zile nguo zilikuwa na harufu gani?”

Vidonge vile vyeupe mara nyingi hutengenezwa kwa nafthalini. Mvuke wake huingia mwilini kwa pumzi na kwa ngozi. Mwilini hugeuzwa kuwa kemikali inayozishambulia chembe nyekundu za damu. Kwa watu wengi kiasi kidogo hakileti madhara ya kuonekana, kwa sababu chembe nyekundu ina kinga yake, iitwayo glutathioni, inayoizima sumu hiyo. Lakini glutathioni ikishatumika huhitaji kuchajiwa upya kama betri ya simu, na katika chembe nyekundu uwezo wa kuichaji hutegemea mstari mmoja tu wa vimeng'enya. Kimeng'enya cha kwanza katika mstari huo hujulikana kwa herufi G6PD. Wapo watu waliozaliwa na kimeng'enya hicho kikiwa dhaifu. Akiguswa na nafthalini, au na baadhi ya dawa, kinga huisha, chembe hupasuka kwa wingi, na rangi nyekundu iliyomo ndani yake huvunjwa kuwa rangi ya manjano iitwayo bilirubini. Mtu mzima ini lake lingejitahidi kuiondoa. Mtoto wa siku nne hana ini la namna hiyo. Bilirubini hupanda, huvuka hadi kwenye ubongo, na ikifika huko yaweza kumuua mtoto au kumwachia uziwi na ulemavu wa maisha.

Kwa hivyo jibu ni D, ingawa timu iliyosema A haikukosea kabisa, kwa maana ini changa limechangia. Mwalimu mzuri ataifanya timu hiyo ijitetee mbele ya wenzake, na katika kujitetea ndipo mstari mzima wa vimeng'enya utakapotajwa, mmoja baada ya mwingine, pasipo mtu kuukariri. Mwanafunzi aliyepitia hapo, akimwona mtoto wa manjano aliyepauka miaka mitatu baadaye, nina imani atauliza juu ya nguo.

Udhaifu huu wa G6PD si jambo la mbali. Hupatikana zaidi katika nchi zenye malaria, pwani yetu ikiwemo, kwa sababu inaaminika humpa mtu kinga fulani dhidi ya ugonjwa huo. Mvulana huurithi kwa mama, na huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana, lakini si kosa la mama, wala nyanya mwenye sanduku hakujua. Kwa kiasi kikubwa ni kwa ajili ya udhaifu huu kwamba mwaka wa 2008 dawa moja ya malaria, Lapdap, iliyokuwa imetengenezwa mahsusi kwa ajili ya Afrika, iliondolewa sokoni. Ndani yake mlikuwa na dapsoni, na dapsoni ilikuwa ikivunja damu ya wagonjwa wenye kimeng'enya dhaifu.

Na kwa kuwa umenifuata hadi hapa, chukua na hili la nyumbani. Nguo za mtoto mchanga zisikae na vidonge hivyo. Zilizokaa navyo zisimguse mtoto, mtafutie nyingine. Mtoto mwenye manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au manjano iliyofika viganjani na nyayoni, au anayekataa kunyonya na kulala kupita kiasi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kwenye ngozi nyeusi manjano hujificha, kwa hivyo mtazame weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo kwenye mwanga wa mchana. Kumwanika kwenye jua la asubuhi hakutoshi kumtibu. Hospitalini atalazwa chini ya taa maalum ya rangi ya buluu, na hali ikiwa mbaya atabadilishiwa damu. (Na haya si yale maradhi ya homa ya manjano yanayoletwa na mbu. Majina tu yamekaribiana.)

Hata taa hiyo ina hadithi inayohusu mambo ya timu. Mnamo 1956, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, Jean Ward, alikuwa na mazoea ya kuwatoa watoto nje wapigwe na jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imepoteza manjano isipokuwa sehemu iliyokuwa imefunikwa na nguo. Madaktari wangeweza kumwambia arudi kwenye kazi yake. Hawakufanya hivyo, na mwaka wa 1958 kukachapishwa habari ya matibabu ya mwanga.

Ilitoka wapi?

Njia ya mafunzo ya kitimu haikuzaliwa katika udaktari. Ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na Larry Michaelsen, mwalimu wa masomo ya biashara katika Chuo Kikuu cha Oklahoma, Marekani, baada ya darasa lake kuongezwa kutoka wanafunzi 40 hadi 120. Hakutaka kuwahutubia kama umati uwanjani. Vyuo vya udaktari vya Marekani vilianza kuichukua kuanzia mwaka wa 2001 hivi, Chuo cha Baylor cha mjini Houston kikiwa mbele.

Afrika Mashariki tulikuwa tayari na ndugu yake. Chuo Kikuu cha Moi kilipofungua kitivo cha udaktari Eldoret mwaka wa 1990, kilichagua mafunzo yanayoanza na tatizo la mgonjwa, mtindo ulioanzia McMaster, Kanada, mwaka wa 1969. Tofauti yake ni kwamba huko kila kikundi kidogo huwa na mwalimu wake wa kukiongoza. Ni njia nzuri, lakini hula walimu. Darasa la watu 120 lenye vikundi vya wanane wanane linahitaji walimu 15 kwa wakati mmoja, na ni chuo gani chetu chenye walimu 15 wa biokemia wasio na kazi nyingine? Katika mafunzo ya kitimu mwalimu mmoja aweza kuziendesha timu ishirini katika ukumbi mmoja.

Hoja hiyo ndiyo yenye uzito kwa nchi kama zetu. Jirani zetu wa Moshi, Tanzania, waliijaribu katika chuo cha udaktari cha KCMC, wakati wa mpango mkubwa wa kuimarisha mafunzo ya madaktari Afrika uliofadhiliwa na Marekani kuanzia mwaka wa 2010, KCMC ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke. Walimu wa huko waliandika jinsi walivyoitumia katika somo la wadudu waishio kwenye ngozi ya binadamu, somo ambalo nalo lina majina ya kukariri hadi ulimi ukauke.

Je, inafaa?

Mwaka wa 1989 Michaelsen na wenzake walichapisha hesabu ya timu 222 za wanafunzi wao. Katika kila timu 100, 97 zilipata alama za juu kuliko mwanatimu aliyekuwa hodari kupita wote. Ina maana kwamba hata yule mjuzi alikuwa na kitu asichokijua, na mwenzake alikuwa nacho. Katika Chuo Kikuu cha Wright State, Ohio, uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2010 ulionyesha kwamba wanafunzi wa udaktari walifanya vyema zaidi katika maswali ya mambo waliyojifunza kwa timu, na waliofaidika zaidi ni wale waliokuwa wakiburura mkia. Hilo lanifurahisha, kwani wale wa mbele watakuwa madaktari kwa njia yoyote ile. Ni wale wa nyuma ambao sisi wagonjwa tunapaswa kuwahofia.

Lakini nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Wapo wavivu wanaojificha nyuma ya timu, na dawa yake ni ule mtihani wa mtu mmoja mmoja, pamoja na utaratibu wa wanatimu kupeana alama wenyewe mwisho wa muhula. Wapo vijana waliolelewa kwamba mtu mwenye adabu habishani na mkubwa wake, na huku kwetu malezi hayo yana nguvu. Hao huchukua muda kuzoea. Mwanafunzi asiye na kitabu, au anayehesabu senti za bando la intaneti, huja asubuhi hajasoma, na hapo njia hii humwadhibu kwa umaskini wake. Chuo kisichokuwa na maktaba ya kutosha kingeanza na maktaba.

Tena kuna udanganyifu. Mwalimu aliyechoka anaweza kuwagawa wanafunzi vikundi, akawaambia “jadilianeni,” akaenda zake kunywa chai, kisha akayaita hayo mafunzo ya kitimu. Hapo lalamika, una haki. Mwalimu wa kweli wa njia hii hufanya kazi nyingi zaidi kuliko mhutubu, ila kazi hiyo huifanya kabla ya kipindi, akitunga maswali ambayo majibu yake manne yote yanashawishi. Jaribu kutunga moja tu uone.

Nilimshauri jirani yangu amuulize bintiye maswali machache. Timu zilipangwa na nani? Je, mnapewa mtihani wa peke yako kabla ya ule wa timu? Mkikosea mwalimu huwaeleza? Tatizo mnalopewa ni moja kwa timu zote, na jibu lenu mnalitoa kwa pamoja?

Kesho yake alirudi na binti mwenyewe. Akanisalimu, “Shikamoo Ami,” akakaa mkekani, akaeleza. Mwalimu ndiye aliyewapanga. Mtihani wa peke yake upo, na mara ya kwanza alipata alama tatu katika kumi. Mwalimu huwaeleza, tena wakati mwingine kwa ukali. Babake akamkatiza, akataka kujua kama kweli wanabishana mbele ya mwalimu na mwalimu amenyamaza tu.

“Hanyamazi, baba,” akasema. “Anazunguka meza zote. Akifika kwetu anauliza swali moja tu, ‘Mmejuaje?’ Kisha anaondoka.”

Mzee akafikiri kidogo, akaomba amweleze hiyo habari ya nafthalini pole pole, kwa sababu mkewe ana sanduku.